VLC, foobar2000 na fre:ac: ipi ya kusikilizia nyimbo, ipi ya kuzibadilishia

Kabla ya kupakua programu yoyote, itazame kwanza redio itakayopiga huo muziki. Redio nyingi za gari na sabufa za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo zinasoma MP3, pengine na WMA, basi. Ukiziwekea aina nyingine za faili za muziki kama FLAC, M4A au Opus, zitaziruka faili hizo kimya kimya au zitaandika "NO FILE", na lawama itaangukia flashi. Kubadili jina la faili kutoka .m4a kuwa .mp3 nako hakusaidii kitu: jina limebadilika, kilichomo ndani ni kilekile. Kompyuta haina ugumu huo, inapiga karibu kila kitu. Kwa hiyo kusikiliza ni kazi moja na kubadilisha ni nyingine, na programu iliyo hodari kwa ya kwanza si lazima iiweze ya pili.

Chukua VLC. Ni vigumu kuikuta kompyuta iliyopita mikononi mwa fundi mjini hapa ikiwa haina VLC, na kwa haki kabisa: haina matangazo, haidai kodeki (viprogramu vya kusomea aina mbalimbali za faili) za ziada, na hata faili lililopakuliwa nusu baada ya bando kukata italijaribu. Jambo la kuangalia ni sauti. Kitelezi chake kinavuka 100% hadi 125%, na ukifika huko singeli inaanza kukwaruza, kwa sababu mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa kabla hayajafika kwenye spika. Wengi hudhani spika imeungua. Irudishe 100, kisha ongeza kwenye sabufa yenyewe.

Kubadilisha nyimbo kwa VLC ndiko kunakochosha. Unabonyeza Ctrl+R, unaongeza faili, unachagua "Audio - MP3", unataja pa kuhifadhi, unaanza. Kwa wimbo mmoja inatosha. Kwa folda ya nyimbo mia mbili utajuta, maana majina yanatoka yamebandikwa neno "converted" na mara nyingine jina la msanii na la albamu hupotea njiani. Isitoshe, mpangilio wake wa MP3 unakuja na kbps 128 (kilobiti kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachohifadhiwa kwa kila sekunde ya wimbo). Asiyejua kubofya kile kispana kilicho pembeni na kupandisha namba hiyo hupata nyimbo zenye matoazi yanayochuruzika kama maji ya bomba, halafu anasema MP3 ni mbaya.

foobar2000 ni chaguo letu la kusikilizia kwa anayejali muziki wake. Ni kazi ya Peter Pawłowski, ipo tangu 2002, na toleo la 2 lililotoka 2023 lilileta biti 64 na mwonekano wa giza. Kifurushi chake hakifiki MB 10 na kompyuta kuukuu inaibeba bila kuhema. Sura yake ni kavu kama daftari la muuza duka. Usiihukumu kwa sura.

Sifa yake kubwa kwa muziki wetu ni kusawazisha sauti. Rekodi za dansi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970 zina sauti ya chini. Ukifuatisha singeli ya leo, mtaa mzima unaamka. Chagua nyimbo zote, bofya kulia, nenda "ReplayGain", kisha "Scan per-file track gain". Programu inapima kila wimbo na kuandika ndani ya faili ni desibeli ngapi zipunguzwe au ziongezwe ili zote zifike kiwango cha dB 89. Hapa ndipo wengi wanapokwama: redio ya gari haiyasomi maandishi hayo. Lazima uendelee hatua moja zaidi, "Apply track gain to file content", ambayo inabadili ukubwa wa sauti ndani ya MP3 yenyewe kwa hatua za dB 1.5, bila kuikandamiza upya. Fanya hivyo kwenye nakala, usiguse faili mama.

foobar2000 inabadilisha nyimbo pia, ila injini zake za kubadilishia haziji ndani yake. Ukibofya "Convert" na kuchagua MP3, itakuuliza lame.exe (LAME, injini ya kutengenezea MP3) iko wapi, na hapo watu huifuta wakidhani ni mbovu. Pakua "Free Encoder Pack" kwenye tovuti ileile ya foobar2000, sakinisha, jaribu tena. Lame.exe ya kuokota kwenye tovuti nyingine iache huko huko.

Kwa kubadilisha mafungu makubwa, fre:ac ndiyo mshindi, na haigombewi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, LAME imo ndani tayari, na inatumia viini vyote vya prosesa kwa pamoja. Buruta folda uiangushe dirishani. Fungua "General settings", chagua LAME kama kisimbaji, weka kbps 192 zisizobadilika, taja folda ya kutolea, anza. CD za taarab zilizokaa kabatini nazo inazinyonya vizuri kama kompyuta yako bado ina mlango wa diski. Kasoro yake iko kwenye kutaja majina. Nyimbo zilizorushwa kwenye vibanda mara nyingi hazina taarifa yoyote ndani, kwa hiyo ukiiambia fre:ac ijitungie majina kwa msanii na wimbo, unapata mlolongo wa "unknown artist". Kwenye sehemu ya jina andika <filename> ili libaki jina la zamani.

Kwa nini 192 na si 320? Wimbo wa dakika 4 kwa 320 unakula MB 9.6, kwa 192 ni MB 5.8 hivi, kwa 128 ni MB 3.8. Ndani ya gari lenye injini inayonguruma kwenye foleni ya Ubungo, tofauti kati ya 192 na 320 haisikiki, na flashi ya GB 16 inabeba nyimbo zaidi ya 2,500. VBR, yaani kbps zinazopanda na kushuka ndani ya wimbo, ni nzuri kwenye kompyuta, lakini redio za bei rahisi huonyesha dakika za uongo na hurukaruka ukipeleka mbele. Ndiyo maana tumesema zisizobadilika.

Na ukiwa na faili la 128, liache hivyo. Kulipandisha hadi 320 ni kumimina kikombe cha chai kwenye jagi: jagi limekuwa kubwa, chai ni ileile. Kwa kweli inapungua kidogo, maana kila ukandamizaji mpya unatupa kitu. Ukitaka kumkamata anayeuza "320 orijino", pakua Spek, programu ndogo ya bure inayochora picha ya masafa ya sauti, uangushie wimbo ndani. Picha ya MP3 ya 128 kwa kawaida inakatika karibu na kHz 16 kama imepigwa rula. Ya 320 ya kweli inapanda hadi kama kHz 20. Ukiona faili limeandikwa 320 na dari lake liko 16, umeuziwa jagi.

Tovuti za kubadilisha nyimbo mtandaoni hatuzipi alama yoyote. WAV ya dakika 5 ni MB 50 hivi za kupandisha kwa bando lako, kisha unakutana na vitufe vitano vya "Download" ambavyo vinne ni matangazo. Ukiona faili lililomalizika kwa .mp3.exe, hilo si wimbo.

Kanda za kaseti ni kazi ya Audacity, si ya hizi tatu. Tangu toleo la 2.3.2 la mwaka 2019 inatoa MP3 bila kuongezewa LAME. Rekodi kwa Hz 44,100, kilele kisipite dB -6, na ununue kadi ya sauti ya USB yenye "line in", kwa kuwa tundu la maiki la laptopu nyingi linachukua upande mmoja tu.

Mwisho wa safari ni flashi, na hapo kazi nzuri huharibikia. Badilisha nyimbo kwanza ndani ya diski ya kompyuta, ndipo unakili. Ukitolea moja kwa moja kwenye flashi na umeme ukakatika, faili lililokuwa linaandikwa linabaki nusu, na flashi yenyewe inaweza kudai kuformatiwa. Iformati kwa FAT32, mfumo wa kupangia faili ambao redio nyingi zinausoma; flashi za GB 64 huja na mfumo mwingine, exFAT, ambayo redio nyingi haziioni, kwa hiyo GB 32 ni salama zaidi. Redio nyingine hazipangi nyimbo kwa majina bali kwa zamu zilivyoingia, hivyo ukitaka mpangilio, nakili folda moja baada ya nyingine. Picha ya albamu isizidi pikseli 500 kwa 500, la sivyo redio inasitasita kabla ya kila wimbo.

Ikiwa nyimbo za mwanzo zinapiga vizuri lakini kuanzia mahali fulani zote ni kimya au zinakwaruza, usirudi kwenye fre:ac. Flashi ipime kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi: huenda imeandikwa GB 64 na ndani ina 8.