Pikapu ya Kuvuta Trela Nzito: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe

Ukitaka pikapu ya kuvuta trela, usianze na pikapu. Anza na trela, tena ikiwa imepakiwa kama siku ya safari: mashua juu yake, matangi yamejaa, nanga na kamba, sanduku la barafu, jaketi za kuokolea. Hapa Mombasa mambo huenda kinyume. Mtu hununua gari lililompendeza, hulipeleka kwa fundi wa kuchomelea Changamwe lifungwe chuma cha kuvutia, na trela huja baadaye ijitafutie riziki. Muuzaji wa yadi hatakukataza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe ukiwa unapandisha Mazeras katikati ya malori ya makontena, yeye yuko kivulini.

Mwongozo huu ni wa mwenye tani 2 kwenda juu: mashua ya kuvulia bahari kuu, jenereta kubwa, jiko la kuuzia chakula, trela ya farasi, au nyumba ya magurudumu. Kama chako ni kiboti cha kilo 700, pikapu yoyote iliyo nzima itakutosha.

Namba inayowapoteza watu

Karibu kila pikapu ya dizeli ya 4x4 iliyoko sokoni imeandikiwa kuvuta kilo 3,500 trela ikiwa na breki zake, na kilo 750 tu ikiwa haina. Hilux ya lita 2.8, D-Max ya lita 3.0, Ranger, Navara, Land Cruiser 79, zote zinataja namba hiyo hiyo. Basi haikusaidii kuchagua.

Tafuta badala yake uzito wa pamoja, yaani gari na trela vikiwa vimefungana na vimepakiwa. Umo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingine kwenye kibandiko cha mlangoni. Tuseme gari lako limeruhusiwa kilo 5,850 kwa pamoja. Toa 3,500 za trela, zimebaki 2,350 za gari. Pikapu ya kebini mbili ikiwa tupu ina karibu kilo 2,100. Umebakiwa na kilo 250 za kugawana dereva, abiria, chuma cha kuvutia chenyewe, bampa la chuma, kibanda cha nyuma na mizigo. Watu wazima watatu na mabegi yao, hesabu imefungwa. Kwa hiyo gari linavuta tani 3 na nusu kweli, mradi usipande na familia.

Jambo la pili ni uzito wa shingo ya trela, ule unaolalia kichwa cha kuvutia. Kwa trela ya kawaida unatakiwa uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote, na wengine hufika 15. Ukipungua sana, trela huanza kutikisa mkia barabarani, na hapo ndipo gari hupinduka. Ukizidi, nyuma inakaa chini na taa za mbele zinamulika minazi.

Uzito huo hauingii kwenye ekseli ya nyuma kama ulivyo. Kichwa cha kuvutia kipo nyuma ya ekseli, labda mita 1.2, na umbali wa kati ya ekseli mbili za pikapu ni kama mita 3.1. Weka kilo 350 pale nyuma: ekseli ya nyuma itabeba nyongeza ya karibu kilo 485, na ya mbele itapunguziwa kama 135. Magurudumu unayoyategemea kukata kona yamekuwa mepesi. Kwenye sakafu ya kuteremshia mashua, yenye mwani na maji ya chumvi, utalihisi jambo hili mikononi.

Chukua mashua ya faiba ya kilo 1,700. Ongeza injini mbili za nje, kilo 440 kwa pamoja. Trela yenyewe 600. Lita 200 za petroli ni karibu kilo 150. Vifaa na maji, 150 nyingine. Jumla ni kilo 3,040, na shingo yake ni kama 304. Sasa rudi kwenye gari: watu watano wa kilo 75 ni 375, chuma cha kuvutia 40, bampa 50, kibanda 60, masanduku ya barafu na mizigo 150. Pamoja na shingo zimefika 979, na pikapu nyingi za kebini mbili hubeba tani moja hivi. Hapo hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Ni jamaa wanaokwenda kuvua.

Usikisie. Tangu Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama baharini zinataka uzito wa kila kontena la kusafirishwa nje uthibitishwe kabla halijapakiwa melini, kwa hiyo mji huu wa bandari una mizani nyingi kuliko mnunuzi wa pikapu anavyodhani. Nenda ukapimiwe gari lililopakiwa bila trela. Kisha lifunge trela na upime gari peke yake, magurudumu ya trela yakiwa nje ya mizani: tofauti ya namba hizo mbili ndiyo shingo yako. Mwisho pima vyote pamoja.

Ninavyozipanga

Ya kwanza ni Land Cruiser 79 ya kebini moja. Si kwa sababu ina mbio. Ile ya injini ya lita 4.2 isiyo na tabo ina nguvu farasi kama 130 na nyutoni mita 285 tu (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu), na ikivuta tani 3 kutoka pwani kwenda Nairobi utahesabu kila mbuyu wa njiani. Ninaiweka juu kwa sababu ya chesisi, ekseli na springi zake. Kebini moja ina maana watu wachache na nafasi kubwa zaidi ya uzito, na uzito wake wa pamoja ni mkubwa kuliko wa pikapu nyingine zote nilizozitaja. Kwenye soko la Australia matoleo mapya hufika karibu tani 7. Huunganishwa hapa hapa Miritini, kwenye kiwanda cha AVA, na fundi wake utampata Lamu, Garissa au Lunga Lunga. Kasoro yake ni bei. Hata iliyotumika inauzwa kama shamba. Ile ya V8 ya lita 4.5, yenye nyutoni mita 430, ni bora zaidi mlimani.

Ya pili ni Isuzu D-Max, lakini ya lita 3.0 peke yake. Toleo la sasa lina nyutoni mita 450, linakaa na mzigo bila makelele, na vipuri vyake havikutoi jasho. Kwa mtu anayevuta tani 2 hadi 2.8 mara chache kwa mwezi na siku nyingine anakwenda ofisini, mimi ningenunua hii na chenji nikaitia kwenye trela. Ya lita 1.9 na ya 2.5 ni pikapu nzuri za kazi nyingine. Usishawishike kwa kuwa nje zinafanana.

Ranger ni ya tatu, na wapo watakaonibishia kwamba ilistahili kuwa ya kwanza. Kwa kuendesha, ndiyo. Ya lita 2.0 yenye tabo mbili ina nyutoni mita 500, gia 10, na mfumo wa kutuliza trela inapoanza kuyumba. Ya V6 ya lita 3.0 ina 600. Uzito wake wa pamoja ni tani 6 au zaidi kidogo. Kinachonirudisha nyuma ni nyaya na vihisi vingi kwenye gari litakaloingizwa kinyumenyume baharini kila Jumamosi. Kama trela yako ni kavu, ipandishe nafasi moja.

Hilux ya lita 2.8 ya otomatiki ina nyutoni mita 500 na haina tatizo lolote kubwa. Inashika nafasi ya nne kwa sababu ya bei tu. Tatizo ni kwamba nyingi unazoziona mjini ni za lita 2.4. Hizo ziwekee mpaka wa tani 2, hata kitabu kikikuruhusu zaidi, kwa sababu ya ule mteremko wa Salama ukiwa unarudi. Uzuri wake ni kwamba ukichoka nayo, utaiuza siku hiyo hiyo.

Navara zenye springi za koili nyuma ni raha kwa abiria, lakini shingo nzito inazikalisha chini upesi. Pikapu ya Mahindra huandikiwa tani 2.5 katika baadhi ya masoko, nayo kwa bei yake si haba kwa trela ya jenereta inayokwenda mwendo wa pole.

Trela za gurudumu la tano

Kuna wanaoulizia nyumba za magurudumu za Marekani, zile ambazo shingo yake haishiki nyuma ya gari bali inapanda juu ya kitanda cha pikapu na kukaa kwenye sahani ya chuma, ndiyo hilo «gurudumu la tano», kama trela za makontena bandarini. Mpango huo ni mzuri kwa utulivu, kwani uzito unakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na trela haipati nafasi ya kutikisa mkia. Ila shingo yake hubeba asilimia 15 hadi 25 ya trela. Nyumba ya tani 6 italalia gari kwa kilo 1,200 kama ni asilimia 20, na hakuna hata moja ya pikapu nilizozipanga juu inayoweza kubeba hizo pamoja na watu. Halafu kitanda cha kebini mbili kina urefu wa mita moja na nusu: ukikata kona kali, pembe ya trela inaingia kwenye kioo cha nyuma.

Marekani kazi hiyo hufanywa na Ford F-350 au Ram 3500, mara nyingi zenye magurudumu mawili mawili kila upande nyuma. Kuzileta huku ni mlima mwingine. Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na gari lililotumika halitakiwi kuzidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Zipo zilizogeuzwa usukani Australia, kwa bei ya kushangaza. Kama umeshikilia trela ya tani 5 au 6, nunua lori dogo. Isuzu NQR, ambayo uzito wake wa juu ukiwa umepakia ni karibu tani 8.5, ikifungwa sahani na fundi anayejua kazi ya malori kisha ikakaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, itaivuta bila kuhangaika. Si gari la kwendea harusi, lakini litasimama utakapokanyaga breki.

Breki na chumvi

Hapa ndipo ningetumia pesa zilizobaki. Trela nyingi za mafundi wetu huundwa kwa ekseli ya pikapu kuukuu, chuma kizuri, uchomeleaji imara, na breki hakuna. Juu ya kilo 750 hiyo si trela ya kununua, hata ikipakwa rangi ya kupendeza.

Breki za umeme ni nzuri kwa trela ya nchi kavu, na unaweza kuzikaza au kuzilegeza ukiwa kwenye kiti. Kwa mashua sizipendi, maji ya bahari huzila. Chukua breki za mafuta zinazojiendesha zenyewe trela inaposukuma gari, ikiwezekana za diski za chuma kisichoshika kutu. Chesisi iwe ya kuchovywa zinki. Kila ukitoka majini ioshe kwa maji baridi, na kabla ya kuitia majini acha vitovu vya magurudumu vipoe. Kitovu chenye moto kikizamishwa ghafla hufyonza maji ya chumvi, na beringi huanza kulia wiki chache baadaye, kwa kawaida ukiwa Mtito Andei usiku.

Tairi za trela hazishi kwa kukimbia, huzeeka kwa jua. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Za nyuma za pikapu angalia namba ya uzito. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja.

Kama unaishi Likoni au Diani, kabla ya kulipa pima pia urefu wa chuma cha kuvutia kutoka chini. Maji yakitoka, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali na chuma kirefu hukwaruza sakafu. Ukiwa na trela zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kutokea Miritini. Na trela nayo inasajiliwa kwa namba yake inayoanza na Z, kwa hiyo mwambie wakala wa bima kwa maandishi kwamba utavuta, na uzito gani, kabla hajakukatia cheti.