Uzoefu wangu na Darktable: picha zilizokuwa zikikataliwa

Mwaka mzima picha zangu za kuuza mtandaoni zilikuwa zikirudi. Napiga jahazi pale bandari ya zamani, napakia, baada ya siku kadhaa naambiwa ina chembechembe au ina doa. Kwenye simu naiona safi, roho inaniuma.

Siku moja nikaikuza kwenye laptopu hadi asilimia 100, nikaipitia kona hadi kona. Juu ya tanga kulikuwa na kidoa cha kijivu. Nikadhani kunguru, maana Mombasa hawakosekani. Nikafungua picha ya Fort Jesus: kidoa palepale. Ya feri ya Likoni: palepale. Kumbe ni vumbi kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga, nami nilikuwa napiga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, ambapo vumbi hujichora vizuri zaidi. Fundi wa kamera alinisafishia.

Picha za zamani nimezisafisha kwa Darktable. Ni programu ya bure, unaiweka kwenye Windows, Mac au Linux. Ninachoipendea hasa ni namna inavyoondoa chembechembe: inasoma aina ya kamera na ISO uliyotumia (kipimo cha kamera kuhisi mwanga; ikipanda, chembechembe huongezeka), kisha inapunguza kwa kiasi hicho. Nilikuwa na mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, ISO 3200, kivulini umejaa vitone vyekundu na kijani kama mchanga. Vimeondoka na maua ya nakshi yamebaki. Ila usizidishe, mbao zitateleza kama plastiki. Ule mstari wa zambarau ambao lenzi huuacha kando ya kitu kama mlingoti nao unaondolewa humo humo.

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, si JPEG. Faili lako la asili haliguswi, na marekebisho ya picha moja unayanakili kwenye nyingine zote.

Kuizoea Darktable kulinichukua wiki mbili, na laptopu yangu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 ilihema mpaka nikaongeza ikawa 8. Picha iliyotikisika haitengenezeki, hiyo ifute. Wala ukungu wa lenzi: ukitoka kwenye AC kuingia joto letu, iache kamera mkobani nusu saa kwanza.

Jahazi nilirudi kulipiga upya alfajiri, kamera juu ya stendi, f/8, ISO 100. Nikahifadhi kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, ukubwa wake kamili, bila kuongeza ukali. Imekubaliwa, na wiki iliyopita imepata mnunuzi wa kwanza.