Kidimbwi cha Mbwa Kisumu: Nunua Unachoweza Kumwaga

Mbwa huoga majini na kuyanywa maji yayo hayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kidimbwi, angalia maji yake yatamwagwa vipi.

1. Beseni la plastiki ngumu lenye kizibo. Hili linawafaa wengi. La upana wa sm 120, likijazwa kina cha sm 20, hubeba lita 225 hivi, yaani mitungi 11 ya lita 20. Jioni fungua kizibo, maji yaende kwenye migomba, sugua utelezi kwa brashi, kisha liegemeze ukutani likauke. Hakuna dawa inayoshinda usafi huo. Dukani, pitisha kidole kwenye kizibo: kikiwa juu ya sakafu ya beseni, maji kidogo hubaki kila siku, na mbu wa malaria hawahitaji zaidi. La kujazwa upepo liache. Ukucha mmoja hulimaliza.

2. Kidimbwi cha kukunja, lita 1,000 hadi 2,000, chenye pampu na kichujio. Ni kwa mwenye mbwa wakubwa asiyeweza kubadilisha maji kila siku. Kwa lita 2,000, pampu isipungue lita 1,000 kwa saa. Adui ni nywele: hujikandamiza kwenye mikunjo ya kichujio kama blanketi lililolowa, maji hayapiti, pampu inaungua. Vika mdomo wa pampu unaonyonya maji soksi ya nailoni na uisuuze kila siku. Jiki isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, mililita 60 kwa lita 1,000, huleta klorini ya miligramu 2 hivi kwa lita. Itie jioni, maana jua huila. Asubuhi pima kwa karatasi za kupimia maji: klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2 hadi 7.8, ndipo mbwa aingie.

3. Taa ya UV (miale ya urujuanimno). Nyongeza tu. Huua vijidudu vinavyopita mbele yake. Nywele na mkojo hubaki.

4. Shimo la turubai lililojazwa maji ya ziwa. Tafadhali, usifanye hivi. Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo Kisumu, hupata mwani wa kijani-bluu wenye sumu inayoweza kuua mbwa, na kuchemsha maji hakuiondoi. Ukitia mrututu (kopa salfeti) kuua mwani, mwani unaokufa huachia sumu yake majini, na mrututu wenyewe ni sumu kwa mbwa anayekunywa. Wewe unayeingia kumsugua, kichocho kinakungoja.

Kifaa cha kuelea chenye vidonge vya klorini kiache dukani hata kikiwa cha bei rahisi: mbwa hukidhani mpira, na atakitafuna.