DragonForce 65 kwenye maji chumvi ya Msasani

Kwa anayeanza mashindano ya mashua za rimoti, DragonForce 65 inafaa. Ina urefu wa milimita 650 na servo (mota ndogo) mbili tu: moja ya usukani, nyingine ya kuvuta demani, yaani kamba za matanga. Boksini utakuta seti ya matanga A. B na C, za upepo mkali, zinauzwa peke yake, na kusi likishika pale Msasani usitoke bila B. Ukilazimisha A, mashua inalala ubavu, usukani unatoka majini na chombo kinageukia upepo chenyewe.

Tatizo kubwa ni chumvi. Maji hupenya kwenye kifuniko cha sitaha na kwenye bomba la mhimili wa usukani, kisha servo inakufa kwa kutu. Kausha sitaha vizuri, bandika tepu isiyopitisha maji kuzunguka kifuniko chote, na bomba ulijaze vaselini. Nati ya mkuku, ule ubao wa chini ya mashua, ikaze kabla ya kila raundi. Mkuku ukicheza, mashua haibishi (haipandi kuelekea upepo) sawasawa. Betri ni nne za AA. Zile za bei poa za mtaani huishiwa katikati ya mbio, afadhali za kuchaji.

Jioni osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, matanga pia, kisha acha kifuniko wazi usiku kucha. Rimoti yake ni ya kawaida tu. Tanga la mbele ndilo linalotaka subira: likibanwa mno, mwendo unakufa hata upepo ukiwa mzuri.