Flashi ya vipindi vya redio vya zamani vya Marekani: kagua haya kabla ya kulipa

Muuzaji anainadi flashi hii kwa wingi wa vipindi. Wingi usikubabaishe, vingine vimerudiwa kwa majina tofauti. Tazama ukubwa wa faili kwanza. Kipindi cha nusu saa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni megabaiti 7 hivi, na kila “s” inatoka imelowa maji. Kwa kilobiti 64, mono (sauti ya njia moja), ni kama megabaiti 14, na hapo masikio hayachoki. Humu vichekesho vya Jack Benny ni 64, na Suspense, mfululizo wa michezo ya kusisimua, karibu yote ni 32. Hasara kubwa, kwa sababu Suspense ni kunong'ona na nyayo.

Gunsmoke (1952–1961), mchezo wa Magharibi ya zamani ya Marekani, ndiyo iliyonifurahisha. Enzi hizo kanda za kurekodia zilikuwa zimeshaingia studio, hivyo unasikia buti kwenye mbao na pumzi ya William Conrad, mwigizaji mkuu, kabla hajajibu. Benny wa miaka ya 1930 na 1940 alitoka kwenye santuri za inchi 16, upande mmoja dakika 15 tu. Sauti ikibadilika ghafla katikati ya kipindi, ni santuri imebadilishwa, si flashi mbovu.

Kasoro ya kweli ni spidi. Baadhi ya vipindi vya Benny vinakimbia mpaka sauti ya Rochester, mtumishi wa Benny mchezoni, ile ya kukwaruza, imekuwa nyembamba. Dawa ipo. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua kimya cha sekunde moja au mbili, kisha tazama spektra (mchoro wa nguvu ya kila masafa) kwa ukubwa, yaani “Size”, wa 32768 au zaidi, la sivyo hutatofautisha hezi 60 na 63. Umeme wa Marekani ni hezi 60, si 50 kama wetu, na mvumo wake hubaki kwenye rekodi. Ukiukuta kwenye 63, kipindi kinakimbia kwa asilimia 5: badili spidi iwe 0.952. Ukiona vilele viwili, 60 na 63, usidhani kipindi kiko sawa. Ule wa 60 uliongezwa na mashine iliyonakili baadaye. Fuata wa 63.

Nakala za redio ya jeshi la Marekani zimeondolewa matangazo ya biashara. Kwa vipindi vingine ni nafuu, lakini kwa Benny ni kukatwa utani wenyewe, maana mtangazaji wake Don Wilson na matangazo yake walikuwa sehemu ya mchezo.

Folda ya televisheni ni ya kupita tu: picha nyingi zilipigwa kwa kamera ya filamu iliyoelekezwa kwenye kioo cha televisheni, hivyo nyuso zina ukungu.

Flashi inakuja kwa mfumo wa faili wa exFAT, na redio nyingi za gari haziisomi. Nakili faili kwenye kompyuta, ifomati flashi kwa FAT32, kisha zirudishe. Kwa bei yake inunue kwa ajili ya Gunsmoke. Suspense itafute kwingine, kilobiti 64 kwenda juu.