Desemba na Februari Dar: mwezi upi hupotoka zaidi kwenye wastani?

Kwa joto, miezi hii ni kama ndugu. Mchana nyuzi 31 au 32, usiku karibu 25, na Februari ndiyo kali kidogo. Bahari ya Hindi haiachi joto lipande au lishuke sana, kwa hiyo mwezi uliozidi wastani kwa nyuzi 1 tu ni mwezi wa joto kweli, hata kama mtu wa bara ataona ni kidogo.

Tofauti iko kwenye mvua. Desemba ni mkia wa vuli: El Niño (joto la Bahari ya Pasifiki kuzidi kawaida) ikija na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto, mkia huo hurefuka; hali hizo zikigeuka, hukatika mapema. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitokana na siku chache tu. Februari ni kavu zaidi, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Kwa kawaida, asilimia 75 hadi 125 ya wastani huitwa mvua ya wastani. Chukua mfano wa wastani wa milimita 60: mipaka ni 45 na 75. Dhoruba moja ya milimita 40 jioni inakaribia kuujaza mwezi mzima, na mchicha bado ukanyauka wiki tatu zilizobaki.

Kwa hiyo Desemba soma jumla. Februari hesabu kwanza siku zilizonyesha, ndipo uangalie asilimia. Kumbuka pia kipimo cha mvua husomwa saa 3 asubuhi: mvua ya usiku husomwa kesho yake.