Uzoefu wangu na mvinyo mwekundu wa Beaujolais: chukua Morgon, ipite Nouveau

Naanza na hukumu, maana wengine mnasoma mkiwa tayari mbele ya rafu. Beaujolais ni eneo la mvinyo nchini Ufaransa, na Morgon ni sehemu mojawapo ya eneo hilo. Ukikuta chupa imeandikwa Morgon, ichukue. Ukikuta Beaujolais Nouveau, yaani mvinyo mchanga unaotolewa kila Novemba, ipite, isipokuwa kama ni wiki ile ya Novemba na mezani mpo wengi.

Naishi Lyon, na mvinyo huu ndio wa kila siku kwa watu wa hapa. Mizabibu yake inaanzia kaskazini mwa jiji, inapanda vilima vya magharibi ya mto Saône mpaka karibu na Mâcon. Mikahawa ya mjini huuleta mezani katika chupa yenye kitako kinene iitwayo pot, ya sentilita 46: mwekundu mwepesi, wa baridi kidogo, usio na ukakasi wa kukausha ulimi. Huo unatosha kwa chakula cha mchana. Utamu wa jambo lenyewe uko kwenye chupa zenye majina ya maeneo.

Maeneo hayo, yenye hadhi ya kuandika jina lao wenyewe kwenye chupa, ni kumi, yote upande wa kaskazini wenye miamba ya graniti: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Régnié ndilo la mwisho kupewa hadhi hiyo, mwaka 1988. Kwa mnunuzi, ni muhimu kuyajua majina haya, kwani chupa nyingi za huko hazina neno Beaujolais kwa herufi kubwa, na pengine hazina kabisa. Unaweza kuipita chupa nzuri kuliko zote dukani bila kuitambua.

Zabibu ni moja tu, Gamay. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, eneo jirani, aliamuru mizabibu ya aina hiyo ing'olewe katika himaya yake, akiilaumu kwamba inazaa mno na mvinyo wake ni duni. Kwenye udongo wenye rutuba lawama hiyo ina ukweli. Kwenye graniti maskini ya Beaujolais mzabibu haupati nguvu ya kuzaa ovyo, na kinachobaki kwenye kishada kina ladha.

Lakini kinachoufanya mvinyo huu usifanane na mwingine ni jinsi zabibu zinavyoingia kwenye tangi. Kwingineko zabibu nyingi za mvinyo mwekundu hutenganishwa na vikonyo na kupondwa kwanza. Hapa kwa kawaida huchumwa kwa mkono na vishada huingizwa vizima. Zile za chini hupasuka kwa uzito wa zilizo juu, juisi yake huanza kuchachuka kwa hamira, na hewa ya ukaa inayotoka hupanda na kulijaza tangi. Zabibu za juu, ambazo hazijapasuka, hukosa oksijeni, na hapo ndipo linapotokea jambo linalonivutia kuliko yote: zinaanza kuchachuka ndani kwa ndani, bila hamira, kwa vimeng'enya vyake zenyewe. Kila tunda hutengeneza kileo kidogo, kama asilimia 2, ukali wake wa asidi hupungua, na harufu mpya huzaliwa ndani ya ganda. Kisha tunda hulegea na kupasuka, na hamira humalizia kazi.

Kwa Nouveau hatua hii huchukua siku chache tu. Kwa Morgon au Moulin-à-Vent inaweza kufika wiki mbili na zaidi, na ndipo rangi na mwili, yaani uzito wa mvinyo kinywani, vinapotoka kwenye maganda. Baadaye vishada hukamuliwa. Juisi inayotoka hapo bado ina sukari ambayo haijageuka kileo, na wenyeji huiita paradis. Ukipata nafasi ya kuionja wakati wa mavuno, usikatae.

Sasa nieleze kwa nini Nouveau hainishiki. Huuzwa kuanzia Alhamisi ya tatu ya Novemba, zabibu zikiwa zimechumwa majuzi tu. Chupa niliyonunua msimu mmoja kwenye duka kubwa ilinuka ndizi mbivu na pipi, na chini ya harufu hiyo hapakuwa na kitu. Harufu ya namna hiyo huja kwa urahisi pale mtengenezaji anapoharakisha kazi na kutumia hamira zilizochaguliwa maalumu. Wapo wanaoitengeneza Nouveau kwa uangalifu, ila kwa bei inayokaribiana mimi naenda kwingine.

Morgon ninayoirudia hutoka kilima cha Côte du Py, chenye mwamba wa kijivu-bluu unaomeguka kirahisi. Ikifunguliwa ina harufu ya cheri na udongo, na kinywani ina kitu kama zambarau iliyoiva sawasawa: tamu ya tunda, na ukakasi mdogo pembeni. Morgon hiyohiyo ndiko alikoishi mtengenezaji wa mvinyo Marcel Lapierre, aliyefariki mwaka 2010. Akifuata mafunzo ya mkemia Jules Chauvet, alitegemea hamira za asili na salfa kidogo (huwekwa ili mvinyo usiharibike) au bila salfa kabisa, na wengi wamemfuata. Chupa za mtindo huo huwa hai sana, lakini zinahitaji mahali penye ubaridi. Moja niliyoletewa baada ya kusafirishwa katika joto ilikuwa imeanza kunuka siki, na muuzaji aliibadilisha bila maneno.

Fleurie ni laini zaidi, ina harufu ya maua, nayo humpendeza haraka mtu asiyezoea mvinyo mwekundu. Brouilly ni ya kunywa mapema. Moulin-à-Vent ni mzito kuliko zote, na ule mzuri unaweza kukaa miaka kumi. Ukiufungua mapema unaweza kuudhani mgumu.

Usinywe Morgon kwa joto la sebuleni. Iweke kwenye friji mpaka ifike nyuzi 13 au 14, tunda litasikika vizuri zaidi. Nimeinywa na pilau ya ng'ombe yenye bizari na mdalasini, vikapatana kabisa, maana mvinyo wenye ukakasi mkali hugombana na viungo. Kuku wa kuchoma naye anafaa. Pilipili nyingi, hapana.

Chupa ninazonunua huwa kati ya yuro 12 na 20. Kwa fedha hiyo, Burgundy jirani hupati zaidi ya chupa ya kawaida kabisa. Mwenye bajeti ndogo aanze na Régnié, mara nyingi ndiyo ya bei nafuu kati ya zile kumi, na aangalie kwenye karatasi ya chupa kama ilijazwa kwa mkulima mwenyewe.